Nyuzi zangu nanunua Mwaloni

Juzi dogo mmoja kaniuliza, ticha hivi ni kweli gitaa lako umelifunga nyuzi za kuvulia? Nikamwambia kweli kabisa, uzi wa kwanza na wa pili, zile mbili nyembamba kabisa, nimenunua duka la zana za uvuvi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza. Hakuamini. Na kwa vile naulizwa sana hili swali nikaona leo nikae niandike, maana ukiufuata huo uzi unakuta karibu kazi yangu yote ya miaka kumi na minne.

Mi napiga gitaa la klasiki. Ni gitaa kavu, nyuzi laini, unakaa, mguu wa kushoto juu ya kistuli, unapiga kwa vidole, piki (kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi) hakuna, spika hakuna. Hapa Mwanza ukisema we mpiga gitaa swali linalofuata ni unapiga solo au besi, na mi hujibu vyote, gumba linashika besi, vidole vitatu vingine vinaimba na kujazia katikati. Hicho ndo kilinishika nikiwa kijana wa kwaya ya parokia, nilimsikia padre mmoja mgeni anapiga kipande cha Tárrega, mtunzi wa gitaa wa Hispania, nyuma ya kanisa, nikazunguka kumtafuta mwenzake anayempigia besi. Hakuwepo mwenzake. Alikuwa yeye tu na vidole vyake. Tangu siku ile sikutulia, nikamganda mpaka akanifundisha, nikatoka kwenye solfa, zile do re mi za kwaya, nikaingia kwenye nota za mistari mitano, nikayala yale mazoezi 25 ya Carcassi, mwalimu wa gitaa wa zamani wa Italia, kwenye fotokopi zilizofifia mpaka nikayajua kwa kichwa.

Sasa tatizo la nyuzi. Madukani mjini ukiulizia nyuzi za gitaa mara nyingi unapewa za chuma, na mtu asiyejua anazifunga kwenye gitaa la klasiki, basi ndo kifo chake. Nyuzi sita za nailoni kwa pamoja zinavuta kama kilo 40, za chuma zinavuta 70 na kuzidi, na ule ubao wa juu umetengenezwa mwembamba ili uitike, kwa hiyo ndani ya miezi michache kile kibao kinachoshikilia nyuzi kinabanduka au tumbo linavimba. Nimeletewa magitaa ya hivyo mengi sana, na inaniuma kila mara, maana mzazi alijinyima kununua. Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, kama gitaa la mwanao lina shingo pana na nyuzi tatu za chini zilikuja zikiwa za plastiki, usikubali mtu afunge chuma, tafadhali.

Nyuzi zenyewe za klasiki nilikuwa naagiza Dar, zinakuja na basi, nangoja. Kuna wakati nilikaa wiki tatu bila uzi wa kwanza, na kijana mmoja niliyekuwa namfundisha, mtu wa ndoano, mvuvi wa sangara, akautazama uzi wangu uliokatika akauzungusha vidoleni akasema mwalimu hii si nailoni tu ya kwetu? Kesho yake kaja na kipande. Nikafunga. Ukaimba!

Na kumbe alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Zamani magitaa haya yalifungwa utumbo wa kondoo, Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja utumbo ukawa adimu maana ulihitajika kushonea majeruhi, ndipo fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akageukia nailoni, Segovia, mpiga gitaa mkubwa wa Hispania, akazipokea, na dunia nzima ikafuata. Zile nyuzi tatu nyembamba mpaka leo mara nyingi ni nailoni moja nzima isiyosokotwa, mshipi, basi. Uzi wa kwanza ni kama milimita 0.7, wa pili 0.8, pima pale dukani utaupata. Wa tatu ndo mgumu, unataka milimita moja hivi na sauti yake inafubaa, huo bado nahangaika nao. Za besi hazina njia ya mkato, zile ni nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya, hizo naagiza.

Hela yangu kubwa inatoka kwenye kufundisha nyumba kwa nyumba, Capri Point, Isamilo, Nyegezi, watoto wa shule, na harusi chache. Hotelini nilipiga miaka miwili. Sehemu moja walikuwa wananiweka chini ya tivii na mpira unaendelea, na gitaa hili lilivyo na sauti ndogo unaona kabisa kazi ya miezi inapotea hewani, nikaacha. Sijutii.

Kilichonijaza moyo ni darasa la mwaloni, bure, kwa wavuvi na wachakataji wa samaki. Ratiba yake haifuati Jumamosi wala Jumapili, inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza na taa zao, mbalamwezi ikikomaa wanapumzika kwa sababu taa haivuti dagaa mwezi ukiwa unawaka, basi siku hizo napata vijana mpaka kumi na wawili kwa magitaa manne. Mikono yao imekomaa kwa kamba, kucha hazikai, zinavunjika zote, na mimi nilifundishwa kwamba bila kucha hupati sauti. Nilikuwa nawasumbua sana kwa hilo mpaka nikakumbuka Fernando Sor mwenyewe, gwiji wa zamani wa gitaa hili, alipiga kwa nyama ya kidole, bila kucha. Nikawaacha wapige kwa nyama. Sauti ni nene, ya joto, inakaa vizuri usiku kando ya maji, na siku hizi kuna vipande na mimi nakata kucha ndo nivipige.

Halafu kuna babu mmoja anashona nyavu pale, alitusikiliza miezi bila neno, siku moja akaomba gitaa akapiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, ile staili ya kina Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Vidole viwili vile vilifanya kazi ambayo mi nafanya na vinne. Nilikaa chini nikawa mwanafunzi, na sasa kila kijana anayeanza, kabla sijamfungulia Carcassi, anakaa kwanza kwa babu.

Mara ya mwisho tulipiga usiku wa mbalamwezi, watu kama thelathini, wakina mama wa dagaa wamekaa juu ya madebe. Mama mmoja akawanyamazisha watoto kwa Kisukuma, akaniambia piga tena ule wimbo wa kwanza, kule nyuma hatukusikia, tumesogea. Wakasogea kweli, mpaka magoti yao yakagusa kistuli changu, nikapiga tena.

Mbalamwezi ijayo tuko pale pale, jua likizama. Njoo na kigoda chako. Na kama kwenye boksi lako la ndoano kuna nailoni ya 0.7 imebaki usiitupe, niletee.