Mzigo wa Kisumu huharibikia Nairobi

Mzigo wa lori kutoka Nairobi ukifika Kisumu umelowa au umepungua, au ukilala kwenye mizani ya barabarani ya Gilgil ukisubiri kupunguzwa, lawama humwangukia dereva. Si haki kila mara. Kwa kawaida kosa lilishafanyika Industrial Area, kabla lori halijatia gia ya kwanza.

Uzito kwanza. "Ni kama tani kumi hivi" si uzito, ni matumaini. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja, hapo hakuna la kubishana. Baloti ya unga wa mahindi ya pakiti 12 za kilo mbili ni kilo 24, na baloti 400 ni tani 9.6. Nondo ya Y12 (kipenyo cha milimita 12) yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, yaani nondo 94 hukaribia tani. Magodoro ni kinyume: hujaza bodi yote lori likiwa bado jepesi kabisa, kwa hiyo mwenye gari atakutoza nafasi, si kilo.

Kwa nondo angalia pia urefu. Trela ya futi 40 ina mita 12.2, inazimeza zikiwa zimenyooka. Ukizipeleka kwa lori fupi zitakunjwa katikati, na kule Kisumu utamlipa mtu wa kuzinyoosha. Bei nafuu ya lori fupi imeishia hapo.

Mizani utakayokutana nayo ni ya Gilgil. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ekseli ya usukani haizidi tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, na tatu zilizofuatana tani 24. Jumlisha mwenyewe: lori la ekseli mbili ni tani 18, la tatu 26, kichwa na trela vyenye ekseli sita 50. Hiyo ni pamoja na gari lenyewe. Ukitoa uzito wa chuma, trela hubaki na tani 28 hadi 30 za mzigo. Na lori dogo la ekseli mbili lina kikomo chake cha kiwandani ambacho huwa chini sana ya tani 18. Sheria ya barabara haiongezi nguvu ya springi.

Wengi hunaswa si kwa jumla bali kwa ekseli. Jumla iko sawa, lakini simiti yote imerundikwa nyuma ya kebini kwa sababu wapakiaji hawataki kutembea, na ekseli za mbele zimebeba kuliko haki yake. Ukirundika mwishoni mwa bodi, mbele panakuwa pepesi na usukani haushiki vizuri kwenye kona. Kitovu cha uzito kiwe mbele kidogo ya ekseli za nyuma. Kitu kizito lakini kifupi, mashine kwa mfano, huwekwa hapo hata kama nafasi inabaki wazi mbele na nyuma yake. Kabla ya kuondoka, pitisha lori kwenye mizani ya kulipia mjini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kushushia mzigo kando ya barabara, kukodi gari la pili na kulipia kosa juu yake.

Mvua nayo. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na njia ya Kisumu inapita katikati yake. Turubai ya juu watu huikumbuka. Wanachosahau ni maji ya chini: tairi hurusha maji, yanapenya kwenye nyufa za sakafu na kuloweka safu ya kwanza ya mifuko. Tandika karatasi nzito ya nailoni kwenye sakafu na uipandishe kando kama futi mbili, au weka paleti. Kagua turubai mchana, ukiwa umesimama ndani yake huku imefungwa. Kila tundu litaonekana kama nyota. Pembe za mbele, inapokunjwa kwenye ukuta wa bodi, ndipo huchanika kwanza.

Usichanganye ovyo. Unga, mchele na majani ya chai hunyonya harufu. Ukiuweka unga karibu na sabuni au mafuta ya taa, hakuna atakayeununua kwenye soko la Kibuye, Kisumu, hata kama pakiti hazijapasuka. Ukikodi nafasi ndani ya lori la wengi, uliza kabla ya kulipa: nani mwingine anapakia, na anapakia nini?

Sasa bei. Kilomita ni 350 hivi, lakini si kilomita pekee zinazopanga bei. Kinachopanga ni mzigo wa kurudi. Lori la Nairobi linaloenda Kisumu bila uhakika wa kurudi na kitu litakutoza karibu safari mbili. Tafuta lori la upande wa magharibi lililoleta sukari au mchele Nairobi na sasa linarudi nyumbani tupu. Mwenyewe anataka hela ya mafuta na kidogo juu yake, na hapo ndipo dalali mzuri anastahili chake.

Jua pia hesabu ya dizeli. Trela lililojaa hutumia lita moja kwa kilomita mbili hivi, yaani lita 175 kwenda tu. Zidisha kwa bei ya sasa, na ukumbuke EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo bei uliyopewa tarehe 12 inaweza kukataliwa tarehe 15. Ukipewa bei iliyo chini ya mafuta yenyewe, basi ama mtu huyo ataongeza mizigo ya wengine juu ya wako, ama hana nia ya kufika Kisumu.

Kuhusu huyo asiye na nia ya kufika: nambari ya gari iliyo kwenye picha ya simu si gari. Tafuta rekodi ya umiliki kupitia eCitizen, linganisha na gari lililosimama mbele yako, piga picha kitambulisho na leseni ya dereva, na upige simu kwa mwenye gari, si kwa dalali tu. Lipa mafuta wakati wa kupakia na salio baada ya kupakua. Anayetaka zote kabla ya lori kufika getini, mwache aende.

Bima ya gari hailipi mzigo. Kuna bima ya mizigo iliyo safarini, na mwenye lori akisema anayo, omba uione. Soma mambo matatu: kiwango cha juu kwa safari moja, kama wizi wa wafanyakazi wake umo, na kama lori likilala mahali pasipo na ulinzi bado unalipwa.

Njiani, usimkimbize dereva. Baada ya Southern Bypass, Gitaru na Rironi, malori huteremka Mai Mahiu. Gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia. Anayeweka gia huru ili kubana mafuta anaziachia breki kazi yote. Ngoma za breki hupata moto na kutanuka, mshiko unapotea, na kila anapokanyaga, upepo wa breki unapungua kwenye tangi. Kwenda, hatari ni hapo na mteremko wa kutoka Kericho, ulioko kwenye mita 2,000 hivi, hadi Ahero. Kurudi, ni Sachangwan kushuka Salgaa. Lori likipakiwa jioni, dereva alale kwanza. Kumwambia afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ni kumwambia asilale, na wenye mizigo husema hivyo kila siku bila aibu.

Kule Kisumu, mpokeaji awe na watu wa kupakua lori likifika, bei yao kwa mfuko ikiwa imekubaliwa, la sivyo utalipia kusubiri. Epuka Jumapili upande wa Kibuye, soko linapofurika hadi barabarani. Hati ya mzigo iwe nakala tatu, idadi ikihesabiwa wakati wa kupakia na tena wakati wa kupakua. Mifuko mitatu ikipungua, andika "imepungua 3" juu ya hati kabla ya kutia sahihi, dereva naye atie yake. Ukishatia sahihi safi, hiyo mitatu ni yako.

Lori lililopakuliwa kabla ya saa sita mchana bado linaweza kuwahi mchele wa kurudi nao kutoka Ahero siku hiyo hiyo. Lililopakuliwa jioni hulala bure, na mwenyewe atakumbuka ni mzigo wa nani uliomlaza.