"Ni kumbukumbu tu, mdogo wangu"

Ukaguzi wa hesabu umemalizika salama, posa ya kaka imekubaliwa na watoto wamefunga shule, lakini kilichonikaa rohoni wiki nzima ni mstari mmoja wa barua pepe na anwani mbili zilizoongezwa mahali pa nakala.

Nilikuwa nimemwandikia Dada wa mipango, mfanyakazi mwenzangu, yule niliyewasimulia jinsi alivyonipokea tulipohamia Mtumba, mji wa Serikali ulioko Dodoma, nikimwomba orodha ya washiriki wa mafunzo iliyorekebishwa, kwa kuwa ile tuliyogawiwa kikaoni ilikuwa na majina ya watu waliokwisha kuhamishwa. Alijibu hivi: "Kama nilivyokwisha kueleza kikaoni, orodha ipo kwenye folda ya pamoja." Mahali pa nakala alikuwapo Mkurugenzi, akifuatiwa na Mhasibu Mkuu, ilhali mimi nilikuwa nimemwandikia yeye peke yake. Nilipoifungua folda nilikuta orodha ileile ya zamani.

Nilimfuata mezani kwake.

"Dada, kulikuwa na haja gani ya kumweka Mkurugenzi?"

Hakuinua uso. "Ni kumbukumbu tu, mdogo wangu, usiliweke moyoni."

Nimeyarudia maneno hayo nikipika, nikiwa kwenye daladala, hata nikiwa nimelala. Kumbukumbu ya nini? Barua yenyewe inabaki katika sanduku langu na lake, ikiwa na tarehe na saa. Mkurugenzi hakupata kumbukumbu yoyote hapo. Alichopata ni picha ya mtumishi anayehitaji kuelezwa jambo mara mbili, na picha hiyo si ya kweli.

Mzee aliyenifundisha kazi ya masjala alikuwa akitusimulia enzi za taipureta na karatasi za kaboni, ambapo kila nakala ya ziada ilitoka hafifu kuliko iliyoitangulia, hivyo mwandishi alilazimika kufikiri ni nani hasa anayestahili kupata barua kabla ya kuorodhesha majina yao chini ya sahihi. Leo nakala haina gharama kwa anayeituma, na gharama yote humwangukia anayejibiwa. Ray Tomlinson, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alipoijaribu barua pepe ya mtandao mwaka 1971, huko Cambridge, Massachusetts, aliituma kati ya kompyuta mbili zilizokuwa zimewekwa jirani. Mimi na Dada tumetenganishwa na kabati la majalada tu, na angeweza kuniita kwa sauti ya kawaida nikamsikia.

Alhamisi jioni binti wa kaka, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alinitumia rasimu ya barua pepe ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kichwa cha habari hakikuwapo, na kiambatisho kiliitwa "mpya mpya 2". Tulikaa kwenye simu hadi usiku. Nilimwambia aandike kichwa chenye jina lake, kozi yake na kipindi anachoomba. Amtaje mwandikiwa kwa cheo chake, "Ndugu Afisa Rasilimaliwatu". Ombi lije katika aya ya kwanza, kwa sababu msomaji ana barua nyingine nyingi zinazomngoja. Na anwani ya mpokeaji ijazwe mwisho kabisa, baada ya kusoma tena na kuhakikisha kiambatisho kimeingia.

"Shangazi, nimweke na Mkuu wa Idara kwenye nakala, ili wajue sina mchezo?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia amweke iwapo tu ana kazi ya kufanya katika jambo hilo, na aliseme waziwazi ndani ya barua: nakala anapatiwa Mkuu wa Idara kwa kuwa ndiye atakayethibitisha tarehe. Alifikiri, kisha akasema, "Basi simweki, maana tarehe tayari zimo kwenye barua ya chuo." Furaha niliyoipata kwa jibu hilo ni kubwa, na kwa mara ya kwanza wiki hii nililala bila kubishana na mtu kichwani.

Jumatatu nitamwandikia Dada, yeye peke yake, nikiomba orodha sahihi na kumweleza kwa heshima kwamba ile iliyomo kwenye folda ni ya zamani. Mafunzo yanakaribia, na wale waliohamishwa wasije wakalipiwa posho.

Mama naye amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na bado hatujapata mtu wa kukaa naye hospitali.