Siku moja maishani mwangu: nahodha wa boti ya wageni, Bamburi

Watu wakituona tumekaa kivulini na boti zimelala mchangani, hudhani tunasubiri pesa tu. Wengine hutuita sote biichi boi, nahodha, baharia na muuza shanga kwa pamoja. Hii hapa kazi yenyewe: siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kupita siku nyingine, mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, ufuo wa Bamburi, Mombasa.

Saa kumi na moja alfajiri. Maji yamejaa pomoni. Bamvua la kwetu hujaa alfajiri na jioni na kukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Maji hayo hayatoki kwa mwendo mmoja. Yagawe sehemu 12: saa ya kwanza ya kupwa hutoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati, na kwa leo ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ndiyo maana nimemwambia mteja wa kuvua: saa kumi na mbili na nusu tuwe tumeshang'oa nanga.

Saa kumi na moja na nusu. Baharia wangu anafua maji kwa upo, kopo la kutolea maji botini, mimi nakaza kizibo cha ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti, kisha napitisha mkono kuona kama kuna unyevu. Mafuta: injini yetu ni ya kuchanganya, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Oili ikipungua, pistoni hushika. Ikizidi, plagi hujaa masizi na injini hukuzimikia nje ya mwamba, ule ukuta wa matumbawe unaokinga ufuo. Mafuta tunayagawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba lisiloguswa. Plagi mbili za ziada, pini ya propela, kasia mbili, upo, kisu, tochi, filimbi. Injini ikiwaka natazama kama inakojoa. Ule uzi wa maji unaotoka nyuma ukiwa mwembamba au ukikatika, maji ya kupoza hayapiti; mara nyingi ni mchanga au mwani umeziba tundu, na uzi wa mshipi mgumu huzibua.

Jaketi za kuokolea maisha nazikagua moja moja kwa kuvuta mikanda kwa nguvu. Jua huozesha nyuzi kabla ya kitambaa kuonyesha dalili.

Saa kumi na mbili na nusu, hakuna mteja. Saa moja, simu haishikwi. Saa mbili na nusu gari linaingia: baba, mama, watoto watatu, masanduku ya barafu mawili.

"Kapteni, jam ilitushika. Twende sasa."

"Karibu mzee wangu. Nje hatutoki tena asubuhi hii."

Hapo ndipo saa nzima ilipoishia. Alilipa amana, akasema, na bahari anaiona imetulia kama sinia. Nikamsogeza penye kichuguu cha mchanga tukatazama pamoja. Ndani ya mwamba kweli kumetulia, kwa sababu mwamba ndio unaopokea mawimbi. Lakini maji yote ya ndani yanatafuta kutoka kupitia mlango, lile pengo kwenye mwamba, na muda huu yanatoka kwa kasi kuliko saa nyingine yoyote. Upepo wa kaskazi nao unasukuma mawimbi kuja ndani. Viwili hivyo vikikutana mlangoni, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika penye kina. Boti ya futi 23 yenye watu saba ikiinua omo, yaani mbele yake, abiria wote huangukia shetri, yaani nyuma, uzito huenda nyuma, na wimbi la pili huingia kwa nyuma. Injini ikizima hapo, mkondo hukupeleka ubavu kwa mawimbi. Boti hupinduka hivyo hata kukiwa na jua kali na anga safi.

Akasema mimi ni mwoga. Akaenda kwa boti ya jirani. Nahodha wa kule ni mzee, hakubishana naye, aliutazama mlango, akatikisa kichwa. Boti ya tatu jibu lilikuwa hilohilo. Aliporudi hakuniangalia usoni, na sikumdai aniangalie. Kukataa abiria ni ujuzi unaochukua miaka kujifunza, na siku hiyo mfuko hulala mtupu. Nilimpa njia mbili: arudi kesho alfajiri, au maji yakupwe, tuwapeleke watoto kuangalia matumbawe, kisha tuvue ndani ya mwamba maji yakishaanza kujaa. Mama ndiye aliyeamua. Wakabaki.

Kabla ya kupanda, jaketi. Mtoto avae, mkanda ukazwe, kisha mshike jaketi mabegani umwinue kidogo. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa. Akianguka majini, itaelea yenyewe na yeye atateleza chini. Baba alitaka kuikalia yake. Injini haikuwashwa hadi alipoivaa.

Saa nne hadi saa saba tulikuwa kwenye mbuga ya bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambako kuvua ni marufuku kabisa. Tunafunga boti kwenye boya. Nanga juu ya matumbawe inavunja kwa dakika moja kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Fulana mgongoni majini, maana jua la utosini huunguza mtu asijue. Hakuna kusimama juu ya mwamba. Na chupa za plastiki za kutupa zilibaki ufuoni. Zimekatazwa kwenye mbuga tangu Juni 2020.

Mchana ulivyoendelea sikutazama saa tena. Tulihamia kwenye hifadhi, nje ya mpaka wa mbuga, ambako kuvua kwa mshipi kunaruhusiwa, kina cha mita 5, chini mchanga. Amari, kamba ya nanga, mita 25, yaani mara tano ya kina; ukitoa fupi, nanga inainuka na kuburuta. Mshipi wa mkono, chubwi la kuuzamisha, ndoana moja tu kwa kila mtoto, ngisi aliyekatwa vipande vyembamba. Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja: samaki mkubwa kama kolekole akivuta ghafla unakata nyama hadi mfupani. Ndoana ikizama kwenye kidole hadi kwenye ncha ya kurudi nyuma, usiivute. Kata mshipi, nenda zahanati.

Wakapata changu wawili na tafi. Tafi na ngogo hawashikwi kwa mkono mtupu, miiba yao ina sumu. Akikuchoma, tia kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nusu saa au zaidi. Ndiyo maana chupa ya chai yetu haina chai. Mtoto mdogo akanasa bunju, samaki huyo akavimba, wote wakacheka, na baba akauliza kama analiwa. Haliwi. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Nilimrudisha majini mwenyewe.

Tukirudi, kijana wa jeti ski alitupita karibu mno. Wageni hawaambiwi kwamba chombo kile hakina breki ya kawaida na usukani wake hufanya kazi maji yakisukumwa tu. Mtu akiona waogeleaji huogopa, huachia mafuta, hukata kona, na chombo kinaendelea moja kwa moja. Tulipiga filimbi hadi akasogea kwenye maji ya kina, mbali na waogeleaji. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kushika usukani, na bado kulikuwa na injini ya kuosha kwa maji matamu dakika kumi, jaketi za kusuuza na kuanika kivulini, na hesabu ya mafuta.

Jaketi moja mkanda wake uliachia nilipouvuta. Niliikata vipande viwili kwa kisu kabla ya kuitupa, kwa sababu ikitupwa nzima, kesho kutwa itaokotwa na kuvalishwa mtoto wa mtu.