Goti Linalotoroka

Mteja ameniuliza leo kwa nini nakanyaga cherehani nikiwa nimefunga leso magotini. Nikamwambia goti la kulia lina tabia ya kutoroka. Tukacheka, tukarudi kwenye kola ya sare ya mtoto wake.

Niliposhonwa mimi mwenyewe, kwa saratani ya mlango wa kizazi, walitoa kizazi pamoja na tezi za limfu za nyonga, zipimwe kama ugonjwa umetambaa. Tezi hizo zimepakana na neva ya obturata, inayotoka kwenye uti wa mgongo hapo kiunoni, ikapita ukutani mwa nyonga hadi pajani, kuamrisha misuli inayovuta mguu uende kwa mwenzake. Yangu ilivutwa walipokuwa wakitoa tezi. Haikukatwa, daktari alisema. Ingekatwa wakaiona palepale, wangejaribu kuishona. Nimebaki na ganzi upande wa ndani wa paja, na mguu unaokwenda nje bila ruhusa yangu.

Kukunja nne siwezi. Bodaboda nimeacha, maana kila tuta paja linashindwa kubana kiti. Kutoka Kibuye hadi Nyalenda, hapa Kisumu, sasa ni tuktuk, na bei yake mnaijua.

Mama mkwe anaamini saratani imeshuka mguuni. "Mama, haijashuka, ni neva," namwambia, naye ananitazama kwa huruma ya mtu anayejua zaidi. Kanisani ni "shukuru Mungu uko hai." Nashukuru, kweli. Bado nakasirika ninaposhuka tuktuk kwa kuinua paja kwa mkono.

Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amenipa zoezi la kubana mto kati ya magoti. Anasema neva iliyoshtuka tu huamka baada ya wiki au miezi kadhaa. Nyuzi zikiwa zimekatika ndani, huota takribani milimita 1 kwa siku. Jioni hiyo nilichukua tepu nikajipima kutoka kinenani kwenda chini. Fundi hawezi kuambiwa milimita akatulia.

Nilipouliza mbona sikuambiwa mapema, nilionyeshwa fomu niliyotia sahihi. Imo kweli: maneno mawili, "majeraha ya neva", katikati ya kuvuja damu na maambukizi. Mimi nakula kwa miguu. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani.

Sasa rafiki yangu anayeuza samaki Dunga ameitiwa upasuaji kama wangu. Nimemweleza kuwa si obturata pekee: vyuma vya kupanua jeraha vinaweza kubana neva ya mbele ya paja, goti likaregea; na miguu ikipandishwa vibaya kwenye vishikio vya kitanda cha upasuaji, neva ya kando ya goti hubanwa, unyayo ukaburura. Si kila mtu hupatwa. Lakini amwambie daktari kwamba yeye hushinda kachuchumaa akiparua samaki, kisha aulize.

"Hataniona mjuaji?"

"Mwache akuone."