Kumbukumbu ya mradi: kuisaka RAM mbovu kwenye kompyuta ya kutunzia picha

Siku ya 1
Zile faili za zip (faili zilizobanwa pamoja) zilizokuwa zinakataa kufunguka nimeshajua sababu yake. Wiki nzima nabadilisha diski na waya, kumbe shida haiko huko kabisa. Kilichonifumbua macho ni SHA-256, hesabu inayolipa kila faili namba yake ya utambulisho: faili lile lile sijaligusa nimelipiga hesabu mara tatu likanipa majibu mawili tofauti. Diski ikishaharibu faili jibu linakuwa baya ila linabaki hilohilo, sasa likiwa linabadilika kila ukisoma basi wa kwanza kumshuku ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi.

Nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi. Ni ya bure na inawaka yenyewe bila Windows wala Linux, kwa hiyo inapima karibu RAM yote. Raundi mbili za mwanzo safi, ya tatu ndo mistari myekundu ikaanza kushuka: ilitakiwa isome ffffffff ikasoma ffffffef, yaani biti moja tu (0 au 1 moja) imegeuka, na kila kosa ni biti hiyohiyo. Ningeizima baada ya raundi moja ningesema RAM haina shida nikarudi kuilaumu diski.

Siku ya 2
Nina RAM mbili za GB 8, aina ya DDR4, nimezibandika karatasi A na B. Leo kila moja peke yake kwenye sloti (tundu la kuchomekea RAM) ileile, halafu nikabadilisha sloti, maana ukizipima pamoja huwezi kujua mbovu ni RAM au ni mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. A safi kote, raundi nne nne. B inakosea sloti zote mbili. Nimesugua meno yake kwa kifutio laini nikarudia, bado. Kwa hiyo sloti haina kosa, ni B.

Siku ya 3
Nimezima XMP, mpangilio unaoiendesha RAM kwa spidi kubwa kuliko ile ya kawaida. Kwa XMP zilikuwa zinakwenda spidi ya 3200 kwa volti 1.35, sasa zimeshuka 2666 kwa volti 1.2, na B imelala usiku kucha bila kosa hata moja. Nikaanza kushawishika niiache hivohivo, spidi ya nini kwenye mashine ya kutunza picha.

Siku ya 4
Nimefunga kava. Siku zote nilikuwa napima kava liko wazi na upepo unapita, sasa ndani kumepata joto kama la kazi ya kweli na B imerudi kukosea, mara mbili kwa saa sita, 2666 hiyohiyo. Makosa mawili yanaonekana madogo lakini hizi ni picha za watu, nyingine wenyewe wameshatangulia mbele za haki, na biti moja ikigeuka katikati ya kukopi hakuna kitakachokuambia. RAM ya ECC ingelishika hilo, ina biti 8 za ziada kwa kila 64 na inasahihisha kosa la biti moja, ila mazabodi yangu haiikubali. B nimeitoa.

Siku ya 6
Sikununua moja ya kuja kuoa na A, nimechukua pea iliyofungwa pamoja tangu kiwandani na iko kwenye orodha ya RAM zilizopimwa na waliotengeneza mazabodi. Spidi sikuitazama sana. Sloti ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, kama kitabu chake kinavyosema.

Siku ya 8
Pea mpya: moja moja, halafu pamoja, kava wazi, kava limefungwa, XMP ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Saa 20 jumla, sifuri. Hata hivo XMP nimeiacha imezimwa.

Sasa kazi iliyobaki ni kila kilichokopiwa wakati B iko ndani, maana kubadili RAM hakurudishi faili lililokwisha kuharibika. Nalinganisha hesabu za SHA-256 na diski za zamani ambazo nashukuru sikuzifuta, nimefika folda ya 31 kati ya 46. Mafaili sita hayakulingana, nimeyakopi upya.