Baa ya Nguva pale Rye, na mfuko mmoja wa chai

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano kunitembelea hapa Uingereza, na baada ya wiki mbili za kukaa ndani anaangalia mvua dirishani akaniambia mwanangu nipeleke mahali pa zamani, sio maduka, maduka nimeshayaona. Nikamwambia basi twende Rye. Kamji kadogo kule kusini, East Sussex, kako juu ya kilima na kazamani kweli, nyumba zake nyingine zimesimama tangu kabla Mreno hajafika pwani kwetu.

Tukapanda treni London pale St Pancras mpaka Ashford, halafu Ashford unabadilisha unaingia kwenye treni fupi ya dizeli inayokatiza katikati ya mabwawa, kushoto kondoo kulia kondoo. Shangazi akawa ananiuliza bahari iko wapi maana nilimwambia Rye ni bandari. Ndo hivo, ilikuwa bandari. Zamani maji yalikizunguka kilima karibu chote, mwaka 1287 ikapiga dhoruba kubwa mpaka mto Rother ukahama njia ukaanza kumwaga maji yake hapo Rye, mji ukapata neema, halafu miaka ikaenda mchanga na tope vikajaa, bahari ikarudi nyuma. Leo iko kama kilomita 3 hivi kutoka mjini, unaiona kwa mbali tu kama mstari.

Mermaid Street ndo barabara yenyewe. Mawe ya duara yametandikwa toka chini mpaka juu, yanateleza, shangazi kanishika mkono tunapanda polepole kama tunapanda minazi. Katikati ya kilima mkono wa kushoto ndo ilipo Mermaid Inn, yani Nguva, na kibao kinasema imejengwa upya 1420. Hapo kwenye neno upya ndo nikasimama kumweleza. Mwaka 1377 Wafaransa walitua hapa wakauchoma mji, nyumba karibu zote zilikuwa za mbao, wakabeba mali mpaka kengele za kanisa wakaondoka nazo. Mwaka uliofuata wanaume wa Rye na wa mji jirani wa Winchelsea wakavuka mpaka Normandy, nao wakachoma huko, wakarudi na kengele zao. Stoo za chini ya hiyo baa ni za zamani kuliko huo moto, za karne ya 12, nyumba iliyo juu yake ndo ya 1420.

Shangazi akaitazama ile picha ya nguva akasema huyu sio nguva, nguva ana mdomo kama wa ng'ombe. Na yeye anajua, wavuvi wa kwao walikuwa wanamnasa kwenye jarife.

Ndani giza kidogo. Boriti nyeusi nene, kwenye baa kuna jiko la moto la kizamani kubwa mtu anaingia amesimama, sakafu imelala upande ukitembea unahisi uko kwenye jahazi. Hatunywi pombe sisi, tukaagiza chai. Ikaja kwenye birika na maziwa pembeni, shangazi akasikitika haina tangawizi lakini akanywa. Hapo sasa tukiwa tumekaa ndo nikaanza kumwambia waliokuwa wanakaa hapo miaka ya 1740.

Lilikuwa genge la magendo, linaitwa Hawkhurst kwa jina la kijiji chao kule Kent. Hapa Nguva palikuwa kama kijiwe chao, na wanasimulia kwamba walikuwa wanakunywa na bastola zilizojazwa risasi zimelala mezani, waziwazi, na hakuna mtu Rye aliyethubutu kuwauliza. Mzigo wao mkubwa ulikuwa nini? Brandi ndiyo, ila mzigo wenyewe hasa ni chai. Hii hii tunayokunywa. Ushuru wa serikali kwenye chai ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu wa kawaida hawezi kununua ya halali, basi boti zinatua usiku, kijiji kizima kinabeba, na kila mtu anapata chake.

Shangazi akacheka. Akasema magendo tunayajua sisi. Akanikumbusha mwaka 1983 ule msako wa wahujumu uchumi, Sokoine waziri mkuu, jinsi watu walivyokuwa wanamwaga sabuni na kufukia bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo, na kabla ya hapo jinsi vitu vilivyokuwa vinapita porini kuja toka Mombasa maana dukani hakuna kitu. "Watu walikuwa wanatafuta riziki mwanangu, usiwahukumu." Na mimi kwa kweli nilikuwa nafikiri hivyo hivyo mpaka nilipoisoma habari ya fundi viatu, na ndiyo iliyonifanya nimlete pale.

Iko hivi. Mwaka 1747 meli ya serikali ilikamata mzigo wa chai wa hao jamaa ukawekwa kwenye ghala la forodha pale Poole, mji wa bandari kusini. Mwezi wa kumi usiku wakaja wakiwa na silaha, wakavunja ghala la mfalme, wakabeba chai yao wakaondoka na farasi mchana kweupe, wanapita mji unaitwa Fordingbridge watu wamejipanga barabarani wanawaangalia kama wanaangalia mbio za mwenge. Kwenye kundi la watu kuna fundi viatu, Daniel Chater. Mmoja wa wale jamaa, Diamond, alikuwa anamfahamu, akampa mkono, akamrushia kimfuko cha chai. Basi. Zawadi ya mtu anayekujua. Chater akaizungumza, kama ambavyo mtu yeyote angezungumza, habari zikafika kwa wakubwa, wakamtaka awe shahidi.

Februari 1748 akatumwa kwenda kutoa ushahidi akisindikizwa na mtu wa forodha, William Galley. Wakapotea njia kidogo, baridi, wakaingia kwenye baa kijiji cha Rowlands Castle. Mama mwenye baa akawatilia shaka, akaita watu wa magendo. Wakaleweshwa, wakaporwa barua waliyokuwa nayo, wakafungwa wote wawili juu ya farasi mmoja miguu imefungwa chini ya tumbo la farasi, wakawa wanachapwa njiani maili na maili. Galley akazikwa usiku. Alipokuja kufukuliwa alikutwa mikono yake iko usoni kama anajikinga na udongo, ndo maana wengi wanaamini alizikwa mzima. Chater walimfunga mnyororo kibandani siku kadhaa, halafu wakampeleka kwenye kisima kikavu wakamtupa, na walipomsikia bado analia wakamrushia mawe na magogo mpaka akanyamaza.

Shangazi aliweka kikombe chini. Hakusema kitu muda mrefu, alikuwa anageuza kile kijiko tu. Mwisho akauliza, "Kwa kimfuko cha chai?"

Nikamwambia Januari 1749 watu saba walihukumiwa Chichester, mmoja akafa gerezani kabla hajanyongwa, na mkuu wa genge, Thomas Kingsmill, akanyongwa London mwaka huo huo kwa ile kazi ya Poole. Lakini magendo ya chai yenyewe hayakuuawa na kamba. Mwaka 1784 serikali ilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 mpaka 12 na nusu, na biashara ikafa yenyewe maana hakuna faida tena. Hilo ndo linaloniuma mimi. Miaka yote hiyo dawa ilikuwepo, watu wakazikwa hai kwanza.

Na Rye siku hizi inawauza hao jamaa. Madukani kuna vikombe vya magendo, kuna michoro ya majambazi wazuri wenye kofia. Galley na Chater sikuona jina lao dukani hata moja.

Tukapanda mpaka kanisani, St Mary, maana kuna lingine limetokea makaburini hapo. Machi 1743 muuza nyama mmoja John Breads alikuwa na kisasi na meya, James Lamb, aliyempiga faini kwa kupunja mizani. Akamvizia usiku kati ya makaburi akamchoma kisu. Kumbe aliyepita sio meya, ni shemeji yake, Allen Grebell, amevaa joho la meya. Na aliyekaa kiti cha hakimu kwenye kesi ni Lamb mwenyewe. Breads akanyongwa na mwili wake ukatundikwa kwenye tundu la chuma bwawani miaka na miaka, na wanasema vikongwe walikuwa wanakuja kuchukua mifupa wachemshe wanywe kutibu baridi yabisi. Lile tundu na fuvu lake mpaka leo viko kwenye jumba la halmashauri ya mji.

Wakati wa kurudi stesheni nikamwonyesha ng'ambo ya reli. Pale bwawani lilipotundikwa lile tundu sasa hivi ni maegesho ya magari, na bado panaitwa Gibbet Marsh, yani bwawa la mti wa kunyongea. Kulikuwa na familia inashusha baiskeli ya mtoto kwenye buti. Shangazi akasimama ukingoni mwa jukwaa, akafunga mtandio vizuri, midomo ikawa inatembea kidogo kidogo bila sauti. Sikumuuliza anamsomea nani, Galley, Chater, au hata yule muuza nyama. Treni ikaja, akashika mkono wangu tukapanda.