Nilivyoitambua picha ya mvua ya shangazi

Kila niliyemwonyesha ile picha alinijibu vilevile: "Ipige picha tu, simu itakuambia." Ushauri huo ulinipotezea siku nne na mpaka leo unanikera. Simu haikuambii kitu. Inakuletea vinavyofanana na ulichonacho, basi. Kutambua ni kazi yako.

Picha ni ya shangazi yangu. Imetundikwa ukutani kwake tangu sijazaliwa, na hakuna aliyejua ilitoka wapi. Watu wachache wanavuka daraja la mbao, wameinama, miavuli imewaficha nyuso. Mvua inashuka kwa mistari myembamba kama nyuzi zilizovutwa, juu wingu limetanda jeusi ti, na chini mtoni kuna mtu peke yake anayesukuma kwa upondo magogo yaliyofungwa pamoja. Shangazi alitaka kujua nani aliichora kabla macho hayajamwisha nguvu. Nikamwahidi.

Mara ya kwanza niliipiga ikiwa palepale ukutani, usiku, taa inawaka. Nikatafuta kwa picha, yaani niliipa simu picha yenyewe badala ya maneno. Zikaja fremu za mbao! Fremu za kila aina, na vioo vya kujitazamia. Nikarudia, nikarudia tena, zikaja fremu zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba fremu ndiyo iliyoonekana vizuri kuliko yote, na kwamba taa ilikuwa imeacha doa jeupe katikati ya mto, likamfuta hata yule mtu wa upondo.

Kuitoa kwenye fremu shangazi alikataa, karatasi imechakaa na aliogopa itachanika. Ndipo nikapata ujanja ambao najivunia mpaka sasa. Asubuhi niliiegemeza ukutani mbali na dirisha, nikachukua shuka jeusi, nikalitoboa tundu dogo linaloenea jicho la kamera tu, nikasimama nyuma ya shuka nimelishika mbele yangu kama pazia. Kioo kikawa hakina cha kuakisi ila weusi. Simu nikaishika sambamba na picha, isielekee juu wala chini, maana daraja likipinda kidogo tu matokeo nayo yanapinda. Nikakata kingo zote, ikabaki picha tupu. Ilitoka safi utadhani kioo hakipo.

Safari hii jibu lilikuja mara moja: Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi. Daraja lilelile, mvua ileile, watu walewale. Nilifurahi mno, nikampigia shangazi papo hapo, na kabla ya jioni ukoo mzima ulikuwa na habari.

Kesho yake nikamwonyesha shangazi picha ya Van Gogh kwenye simu. Akavaa miwani, akaitazama kwa utulivu, kisha akaitazama yake. Akasema, "Mwanangu, hii imezungukwa na maandishi pande zote. Yangu ina kijisanduku chekundu tu, pale juu kulia."

Alikuwa sahihi kabisa. Mimi niliyekesha na simu sikuliona hilo. Lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza. Nikarudi kwenye matokeo na kuyasoma moja moja, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Van Gogh aliipaka ile kwa rangi za mafuta akiwa Paris mwaka 1887, akinakili kazi ya Mjapani aliyemtangulia. Maandishi ya pembezoni aliyaokota kwenye chapa nyingine za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, ili kujaza nafasi.

Sasa nikajiuliza: kama kijisanduku ndicho kinachotofautisha, kwa nini nisikitafute chenyewe? Programu ya kutafsiri ilishindwa, ikanipa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, maana hati ile ni ya mkono na ya zamani. Basi nikaikata picha nikabakiza kona ya juu kulia peke yake, na hiyo ndiyo nikaitafuta. Zikaja picha nyingine kabisa: miti yenye maua, mashua, ndege angani, na kila moja ina kijisanduku kama kile pembeni. Nilisimama kwa furaha. Kile ni jina la mfululizo mzima, Mandhari Mia Moja Mashuhuri ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Mchoraji ni Utagawa Hiroshige, aliyefariki mwaka 1858. Picha ya shangazi ni ya 1857, mvua ya ghafla juu ya daraja la Ohashi katika mto Sumida, na ng'ambo ile iliyofifia ni eneo la Atake.

Ukitaka kulinganisha, tafuta picha kubwa. TinEye, tovuti ya kutafuta kwa picha, inatafuta picha ileile badala ya vinavyofananafanana, na inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia iliyo kubwa zaidi. Hapo nilihesabu nguzo za daraja moja baada ya nyingine. Zote zililingana.

Lakini jina la mchoraji halikumaliza kazi. Chapa halisi ina kama sentimita 36 kwa 24, ya shangazi inakaribia mara mbili. Nikaweka lenzi ya kukuzia juu ya wingu, nikaona vinukta vya buluu, nyekundu, njano na nyeusi vimejipanga. Chapa za enzi ya Hiroshige hazina vinukta. Kila rangi ilikuwa na ubao wake uliochongwa, ukapakwa rangi na kugandamiziwa karatasi, na wingu lile la giza linalofifia lilitokana na mchapaji kupangusa rangi ubaoni kwa mkono wake. Ya shangazi ilitoka kwenye mtambo wa kisasa.

Niliogopa kumwambia. Nilipomaliza akauliza tu, "Kwa hiyo huyo Hiroshige alikuwa mzee alipoichora?" Nikamjibu alizaliwa 1797, alikuwa na miaka kama sitini. Akatikisa kichwa, akaniletea penseli. Nyuma ya fremu nikaandika: Hiroshige, 1857, daraja la Ohashi, nakala. Akaichukua, akaisoma kwa sauti, akaniambia niitundike palepale ilipokuwa.